Kisiwa Ulichokiita Senti Lusha

Zakaria, rafiki yangu,

"Ndugu yangu aliumaliza mwaka wake wa mwisho akichagua kisiwa cha kwenda kustarehe. Mwafrika hasafiri kwa starehe. Husafiri akitumwa, au akifukuzwa."

Hayo aliyasema kaka yako Anania, pale kwenu Mdandu, udongo wa kaburi lako ukiwa bado mbichi. Alikuwa ameshika kofia kifuani, na wazee wa kanisa wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza. Unajua jinsi kunyamaza kunavyonitesa. Nilinyamaza kwa ajili ya mkeo Sikitu, aliyekuwa ameniegemea bega. Sasa nimechoka, na nimeona nikuandikie wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyefanywa mjinga mbele ya watu na huwezi kujibu.

Anania amekosea, tena amekosea nyumbani kwao. Ni wewe uliyenisimulia kwamba mama yenu alikuwa akitoka Mdandu kwa miguu, analala njiani kwa shangazi, mpaka Njombe, hana cha kuuza wala mgonjwa wa kumjulia hali. Alikwenda kuyatazama maporomoko ya maji. Anakaa juu ya jiwe, anatazama, anakula viazi vyake vya baridi, anarudi. Kama hiyo si safari ya starehe, Anania atuambie inaitwaje. Au mama yake naye alikuwa ametumwa?

Tena anasema kisiwani tusingefika. Ni kweli. Lakini sikumbuki hata Jumamosi moja hotelini kwako uliyosema tutafika. Ulisema tuchague. Boma hutuchagulia mazao ya kupanda, hutuchagulia barabara ya kulima na jumbe wa kutusimamia. Mtu ambaye tangu azaliwe hajaulizwa moyo wake unapenda wapi, siku akikabidhiwa karatasi ya kura ataishika vipi? Atamtazama karani usoni aone karani anataka nini. Mimi nayaandika haya magazetini mpaka wahariri wananikimbia. Wewe uliyafanya kwa birika la chai.

Nakumbuka ilivyoanza. Wazungu wawili, mtu na mkewe, gari lao lilivunjika springi pale njia panda ya Makambako, wakakaa hotelini kwako kutwa nzima wakingoja fundi, upepo unapiga bati na yule mama ameshika kikombe kwa mikono miwili. Walipoondoka waliacha mezani kijitabu cha kampuni ya meli, chenye picha za rangi za visiwa vya ng'ambo ya bahari kubwa, karibu na Amerika. Uliwakimbilia barabarani kuwarudishia. Wakakuambia ukae nacho.

Ukakichana kwa uangalifu, ukabandika picha ukutani juu ya meza ya maandazi. Nilipokuja kutoka Njombe na Petro fundi cherehani, tulikukuta umesimama mbele ya picha moja. Wazungu wamejilaza mchangani, na nyuma yao mtu mweusi wa shati jeupe amebeba sinia la glasi. Hukutusalimu hata. Ulisema, "Na huyu mwenye sinia, yeye likizo anakwenda wapi?"

Petro akacheka. Mimi nikaanza hotuba, nikasema mwenye sinia hana likizo na ndiyo maana ya picha nzima. Ukanikata. Ulisema kila mtu wa kazi ana likizo, na likizo ni kwenda kwenu. Karani wa boma akipewa likizo huenda kwao, askari huenda kwao. Sasa huyu, kwao ni wapi?

Basi tukaligeuza swali kuwa mchezo. Kila mmoja achague kisiwa kimoja cha kwenda sote wanne, aseme sababu, na kitakachopata sauti mbili ndicho. Petro alichagua Jamaika kwa sababu ndilo jina pekee aliloweza kulitamka bila kulamba midomo. Sikitu alichagua Barbadosi. Alisema ni kidogo, mtu haulizi njia, ukienda mbele tu unarudi ulipoanzia. Tena akasema afadhali huko, maana sisi wanaume tukipewa nchi kubwa tutamwacha na mizigo. Mimi nilichagua Trinidadi, ambako nimesoma kwamba watu weusi na Wahindi wanaishi pamoja na kugombana magazetini kila asubuhi. Ulisema, "Huyu hata likizoni anatafuta ugomvi."

Wewe hukuchagua. Ulikuwa na kisiwa chako, ila jina lake hukuwa nalo sawasawa. Ulilisikia vitani, Misri, ulipokuwa ukishusha mizigo ya jeshi pamoja na askari mmoja aliyejiita Mhindi wa Magharibi, kama Waingereza wanavyowaita watu wa visiwa vile. Ulimtazama ukamwona mweusi kama wewe, ana paji la uso la watu wa Mdandu, na Kiingereza chake kinaimba. Uliporudi ukawasimulia watu kwamba umeonana na Mhindi mweusi, wakadhani jua la Misri limekuingia kichwani. Hata Mhindi wa duka la mkabala alikuuliza kama basi yeye ni wa Mashariki. Yule askari ulimwita Yosefu. Kisiwa chake ulikiita Senti Lusha.

Petro alikutania mwaka mzima. Kisiwa cha senti, kwa nini si cha shilingi? Mimi nilikodoa macho kwenye ramani ya shule, nikapita visiwa vyote kwa ncha ya unyasi, nikakuambia hakuna. Hukubisha. Ulisema tu hutapiga kura kwa kisiwa kingine, kwa sababu kule kuna mtu anayekujua. "Tukishuka kwingine," ulisema, "nani atatupokea?"

Kisha kikaja kile kifua, na ile mvua ya ukungu isiyokatika. Niliambiwa Makambako kwamba umepelekwa Njombe, nikageuka kurudi Njombe, nilipofika...

Niyaache hayo. Unayajua kuliko mimi.

Sasa nikueleze kilichotokea baada yako. Wiki iliyopita mke wa Petro alimpeleka mtoto wao mchanga hospitali. Yule mtoto hukumwona, alizaliwa baada ya wewe kuondoka, na padre alimbatiza Lusia. Nesi wa Kizungu akatoka na kadi mlangoni akaita, "Lusha! Lusha!" Akina mama wakatazamana. Hakuinuka mtu. Nesi akaita tena, amekasirika, mpaka mke wa Petro akachungulia kadi akaona ni mwanawe anayeitwa. Jioni akamsimulia mumewe kama kichekesho.

Petro hakucheka. Aliacha suruali ya mtu kwenye cherehani, akaja kwangu mbio, akashika mwimo wa mlango. Akasema, "Si senti. Ni Saint ya Kiingereza, yaani Mtakatifu. Ni Mtakatifu Lusia."

Tulitandaza ramani. Kipo, Zakaria. Ni kidogo kama alama ya nzi, kimeandikwa kwa ufupisho ule wa Waingereza wa herufi mbili na nukta, nami nilikuwa nimekipita mara zote nikiisoma Lucia yao kama Lukia. Petro, Mkatoliki aliyezaliwa kivulini mwa misheni, alikuwa na jina hilo kwenye orodha ya watakatifu wake, akalifanyia mzaha wa senti. Kisha Petro akavua kofia, kama mtu aliyeingia kanisani.

Asubuhi tulikwenda Makambako kwa lori la mbao kumwambia Sikitu. Alikuwa akikanda unga. Hakuacha kukanda. Alisema, "Mimi Barbadosi nimeiacha. Nakwenda aliko mtu wetu Yosefu." Petro akaiacha Jamaika. Mimi nikaiacha Trinidadi na ugomvi wake wote, na wewe unajua ilivyoniuma. Kisiwa chako kimepita kwa sauti zote, na yako imehesabiwa.

Lakini ukuta ulikuwa mtupu. Anania alikuja baada ya matanga kuchukua koti lako la jeshi, akabandua na picha zote. Sikitu anasema hakuzichana, alizikunja akatia mfukoni, akasema upuuzi uliomsumbua ndugu yake uishe.

Basi niruhusu, rafiki yangu, nimgeukie yeye, maana barua hii nitaisoma kwa sauti hotelini Jumamosi, na nimemtumia ujumbe aje.

Kaka Anania. Kuna jambo ambalo Zakaria hakukuambia, kwa sababu ulikuwa hujamaliza kumwonya. Kule Misri alimwuliza Yosefu kwao ni wapi, kwao kwa zamani. Yosefu akasema babu wa babu zake walitoka Afrika, lakini mahali hapajui, wala hakuna anayejua. Zakaria akamwambia, "Basi sema Mdandu. Hatutakukana." Na yule mtu alicheka, kisha akalia, kisha akamtaka amtamkie tena jina hilo mpaka alishike. Mimi, kwa usomi wangu, nilimkosoa Zakaria. Nilimwambia nimesoma kwamba watu wale walichukuliwa pwani ya magharibi, mbali sana na huku. Akanijibu, "Aliyenyang'anywa kwao humpi somo la jiografia. Unampa kiti."

Kwa hiyo ndugu yako hakuwa akichagua mahali pa kujilaza mchangani. Alikuwa anatafuta njia ya kwenda kumjulia hali mtu wa nyumbani. Na kama yule mwenye sinia pichani naye amepata likizo, na likizo ni kwenda kwenu, basi upo uwezekano, usicheke kaka, kwamba atauliza njia ya Mdandu.

Nakutaka ufanye mambo mawili. Rudisha picha ukutani kwa mkono wako. Kisha keti nasi, useme mbele ya Sikitu: mtu mgeni akishuka kwenye lori hapo kwako, Kiingereza chake kinaimba, akataja jina la Zakaria na la Mdandu, utampokea au utamkana? Usijibu kama mzee wa kanisa. Jibu kama mtoto wa yule mama wa maporomoko.

Nawe Zakaria, lala salama katika udongo wenu. Nakuahidi kwamba kila Jumamosi kutakuwa na kiti kimoja zaidi mezani, na hakitakuwa chako. Kitakuwa cha Yosefu.

Rafiki yako mgomvi,
Samweli