Safari ya Siku Kumi na Tisa

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Nyuzi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji. Magoti yanaendeleaje? Ulisema daktari amekukataza ngazi, nawe unakaa ghorofa ya tatu. Sijui mmeelewana vipi. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na ingawa nilistaafu, kiwandani bado wananiita mashine zao zinapogoma. Zinanisikiliza kuliko zinavyowasikiliza wao.

Najua unashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Soma taratibu, utaona kwa nini.

Siku tuliyomzika wifi yako ulinipigia, ukaniuliza kama si kweli kwamba vijana wa sasa wamerahisishiwa safari ya kutafuta kazi ng'ambo, na kwamba angalau kijana wetu hakusota kama ulivyosota wewe. Nikajifanya simu inakatika. Ilikuwa haikatiki.

Safari yako naikumbuka vizuri. Miezi kumi na minne ya kujaza fomu, kupimwa kifua mara tatu, na kumngoja mtu wa posta kama mchumba. Mama alilia miezi yote ile, hata siku ya kukusindikiza machozi yakawa yamemwisha, akawa anatuchekesha sisi. Baba alipofariki, barua yetu ilikufikia baada ya miezi miwili. Ukatujibu kwamba siku tuliyomzika wewe ulikuwa dukani, unamchagulia sweta.

Kijana wetu alisailiwa kwa simu, chumbani kwake, juu amevaa shati na tai, chini kaptula. Mama yake alichungulia mlangoni, akacheka mpaka akajishika ubavu. Mimi nilidhani ni kicheko tu. Jioni ile ile wakamwambia amepata, wanataka mafundi umeme haraka. Toka siku hiyo mpaka akapanda ndege zilipita siku kumi na tisa.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ya kumi na moja nilimpeleka wifi yako hospitali kwa ajili ya ule ubavu. Daktari alitukalisha wote wawili, akasema ni saratani ya ini, imeshasambaa, na kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Tulitoka, tukakaa kwenye benchi la ukumbini, kando ya mama mmoja aliyekuwa akimbembeleza mtoto. Nikatoa simu nimpigie kijana. Wifi yako akaishika ile simu pamoja na mkono wangu.

“Akijua hataondoka,” akaniambia. “Na asipoondoka, nafasi hii hairudi. Wewe ni mume wangu, si msemaji wangu. Nyamaza.”

Nikanyamaza, Dada. Siku nane zilizobaki alimpigia pasi mashati yote akiwa ameketi kitandani. Kijana alimwambia kwamba amekonda, naye akamjibu kuwa anajitayarisha kuolewa tena. Uwanja wa ndege alisimama wima muda wote, akapunga mkono mpaka mtoto akapotea nyuma ya vioo. Tulipofika kwenye teksi alilala kiti cha nyuma mpaka nyumbani.

Walikuwa wakionana kwenye simu kila siku. Alijifunga kitambaa, akanitaka niinue simu isionyeshe zaidi ya uso. Uso nao ulipoanza kusema ukweli, akadai kamera imeharibika, wakawa wanasikilizana tu. Juma la saba akatutoka.

Kijana alikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio. Ukikosa kufika kazini, mkataba umekwisha. Alimwomba msimamizi wake, akapewa nusu saa. Mazishi aliyatazama akiwa stoo ya nyaya. Jirani yetu mshonaji ndiye aliyeshika simu, nami nilipogeuka nikamwona mwanangu kwenye kioo kile kidogo, kofia ya kazi bado kichwani. Akafungua mdomo kusema kitu, picha ikakwama. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini, na sijathubutu kumuuliza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuondoka, ndiyo, kumekuwa rahisi. Kungekuwa kugumu kama kwako, mama yake angezidiwa mtoto angali hapa, naye angeyaona kwa macho yake. Wewe ule muda mrefu ulikutesa, lakini ulikupa nafasi ya kuagwa. Yeye aliagwa na mama ambaye peke yake ndiye aliyejua kwamba anaaga. Peke yake na mimi.

Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Wifi yako hakikumuumbua, kinaniumbua mimi. Kila jioni kijana anapiga, na kila jioni anarudi pale pale. Jumanne iliyopita aliniuliza: “Baba, siku naondoka alikuwa mzima, sivyo?” Nikamjibu ndiyo. Nilimdanganya mwanangu kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha nikamuuliza habari za hali ya hewa.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, nimeifunga kwa gundi. Ni yake. Humo nimemwandikia yote, tangu benchi la ukumbini. Kwa simu siwezi. Nikimaliza kusema atabaki na kuta za chumba cha kupanga. Kutoka kwako mpaka kwake ni mwendo wa saa mbili kwa treni, na Jumamosi huwa hana kazi. Nakuomba usiitume. Mpelekee kwa mkono wako. Usimpe mlangoni. Ingia, mwache ale kwanza, kisha umpe, na usitoke chumbani anapoisoma.

Akinikasirikia, usinitetee. Mtetee mama yake.

Msalimie sana shemeji, na watoto wako wote pamoja na yule mdogo anayejifunza unesi. Mshonaji naye anakusalimu. Bado ananiletea chai kila asubuhi na kujifanya ameichemsha nyingi kwa bahati mbaya. Mungu akulinde njiani, akupe maneno pale yangu yatakapokwisha.

Mimi mdogo wako, akupendaye na asiye na mwingine wa kumtuma,

Kaka yako wa Kiwandani.