Chetezo cha hooyo

Bare rafiki yangu, hooyo, mama yangu huyu, anajua. Wallahi anajua, tena tangu zamani!

Unakumbuka nilivyokuwa nikitoka kunywa kule kantini, nikifika nyumbani nasimama juu ya chetezo mpaka shati linuke udi wa uunsi mtupu? Nikajiona mjanja wa mtaa mzima wa Galbet.

Leo ni siku ya kumi na mbili sijagusa pombe. Nilijipa thelathini, nijue kama mashairi ninayotunga ni yangu au ni ya chupa. Sijamwambia mtu ila wewe.

Sasa hivi nimeingia ndani, chetezo hakipo. Nikauliza tu, "Hooyo, chetezo kiko wapi?"

Hakuinua hata macho. "Kabatini. Siku kumi na mbili hujakihitaji."

Kumi na mbili! Amehesabu!

Akasema, "Ulidhani makaa yalikuwa yanajiwasha? Nilikuwa nakuwekea mimi, baba yako asikunuse."

Bare, siwezi kukaa. Nimezunguka ua mara tano. Najua jioni hii mnakwenda tena kantini, na koo linaniwasha.

Halafu ameniuliza, taratibu kabisa, "Nikitoe leo, au kikae?"

Nimesema kikae. Usinipitie.