Mashine ya Mama Yako Inangoja Kidole Chako

Wekesa, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Nilikuambia ngoja. Sikukuambia hama. Mtu mzima mwenye ndevu anaambiwa na Kukhu, nyanya yake, "ngoja kidogo, kuna wateja," anachukua koti lake, anarudi Kitale, na mahindi yanapandwa mpaka yanavunwa hajaonekana. Ukipigiwa simu, ati uko bizi. Bizi na nini? Unatengeneza simu za watu usiojua hata majina yao, na mashine ya mama yako iko hapa Naitiri inaumwa.

Naandika kwa mkono wangu. Nanjala, huyu msichana niliyemwajiri kwenye kibanda chetu cha kuchapisha baada yako, alitaka kunichapia nikakataa, maana angeweka maneno matamu. Darasa la nne linatosha kumgombeza mtu. Na barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nimempa Mama Sitati anayepeleka kabichi Kitale, aisome njiani, akikufikia awe ameshaona haya kwa niaba yako.

Unakumbuka siku mashine ilipokuja? Mama yako, Nasimiyu wangu, aliinunua kompyuta hiyo huko huko Kitale ikiwa imeshatumika, akaifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga. Nikamwambia, "Wenzako wananunua ng'ombe, wewe unatuletea televisheni isiyo na habari." Akacheka tu. Akasema watu wa hapa wakifiwa wanaenda mpaka Kitale au Bungoma kuchapisha karatasi za mazishi, na picha zinarudi nyeusi kama makaa. Yeye atawachapishia hapa hapa, na marehemu ataonekana uso. Na kweli walionekana. Wewe ulikuwa mtoto wa shule, shati nje, ukitoka darasani unasimama nyuma ya kiti chake. Mwishowe ukakijua kile kitu kumshinda. Nilikuwa nikipita nasikia, "Mama, si hapo, bonyeza hapa." Nikawa najiuliza ni nani amemzaa mwenzake.

Halafu ikaja zamu yake mwenyewe. Hapo sitaki kuandika mengi. Nakumbuka tu kwamba wewe ndiye uliyechapa karatasi ya mama yako, kwa sababu hukutaka mtu mwingine akalie kiti kile. Ukaniuliza bila kugeuka, "Kukhu, niandike alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikasema, "Andika alikuwa mkaidi."

Ukaandika "alikuwa na msimamo." Nikakuambia huo ni uongo wa kanisani. Ukacheka, na ndani ya kucheka ukaanza kulia, nami nikajifanya naenda kuangalia chai.

Picha uliyochagua ni ile amesimama mlangoni mwa duka siku ya kununua mashine, sweta amelifunga vifungo vibaya, upande mmoja umepanda juu. Nilisema tutafute nyingine, watu watadhani sikumfundisha kuvaa. Ukakataa. Tukaitia kwenye fremu, ikatangulia jeneza kama tunavyofanya, ikaachwa imeegemea msalaba. Mimi nilidhani umeirudisha, wewe ulidhani mimi. Mvua ikaingia chini ya kioo. Nilipoiokota, uso haukuwepo. Lilibaki sweta.

Karatasi niliyobaki nayo nimeikunja na kuikunjua mpaka mkunjo umepita hapo hapo kwenye uso. Kwa hiyo mama yako amebaki ndani ya mashine tu, na huko pia yuko upande wako, ule unaofunguka kwa neno lako la siri. Sisi wa kibanda tuna mlango wetu na wewe una wako. Uliufunga ukaenda nao.

Sasa turudi kwa ile siku. Wewe, katika siku zote, ulinijia na habari yako Ijumaa. Unajua Ijumaa kibandani kukoje, watu wa mazishi ya Jumamosi wamejaa mpaka nje, huyu analia, huyu anasema jina la shemeji limesahauliwa. Ukaniinamia sikioni, "Kukhu, hii mashine imeachwa."

"Imeachwa na nani?"

"Na waliotengeneza huo mfumo ulio ndani. Umezeeka. Hawauletei kinga tena, kirusi kikija kinaingia tu. Lakini ukijiandikisha wanakupa kinga za nyongeza, za mwaka mmoja."

"Kama chanjo?"

"Kama chanjo."

"Mimi hata kuku wangu siwachanji watu wakiwa wamesimama mlangoni na maiti wao yuko mochari. Ngoja."

Ukachukua koti lako. Ukasema, "Sawa, Kukhu. Ni mashine yako." Ukatoka.

Hilo neno limenikaa mpaka leo. Mashine yangu tangu lini, Wekesa? Ningekuita urudi. Nilifikiri unaenda kununua soda.

Baada ya hapo lile onyo likawa linajitokeza kwenye kona ya kioo kila asubuhi, ati huduma imefika mwisho. Mzee mmoja aliyekuja na jina la mke wake alilisoma akaniuliza kama hilo nalo ni tangazo la kifo. Nikaona aibu. Nikachukua plasta, ile ya kidonda, nikabandika hapo kwenye kona. Nanjala akasema, "Kukhu, ukiziba hivyo halijaisha." Nikamwambia achape.

Basi watu fulani wakatoka Misikhu na picha zao kwenye flashi. Nanjala akaichomeka. Kufikia mchana, kila picha ya upande wa kibanda ilikuwa imegeuka karatasi nyeupe, ukiigusa haifunguki. Wafu wote wa hapa, wale mama yako aliowapanga kwa majina ya koo zao, wakaenda. Wewe unajua nilivyokuwa nikijisifu sokoni. "Ukipoteza yako, yangu ipo." Nani hakunisikia nikisema hivyo?

Akaja mama mmoja kutoka Bumula, kijana wake tulimchapishia hapa kwa sababu dada yake ameolewa Naitiri. Walikuwa na makumbusho ya huyo marehemu, na nyumba yao iliungua. Alitaka ile picha. Nikamwambia haipo. Hakunitukana. Alisema, "Basi, asante Mama," halafu akabaki ameketi kwenye benchi, mkoba magotini, kama mtu anayengoja nibadilishe jibu. Angenitukana ningejua la kufanya.

Nikaita fundi kutoka Bungoma. Akaisafisha mashine, zile nyeupe akasema zimekufa. Lakini mlango wako, akasema, haukuguswa. Nikamuuliza kama anaweza kuufungua. Akasema kuuvunja anaweza, ila kilicho ndani huenda kikaharibika. Nikamwambia afunge mkoba wake. Akaniachia neno moja: kusafisha bila kuweka zile kinga za nyongeza ni sawa na kupiga deki mvua ikiwa inaingia ndani. Nami nikakumbuka fremu.

Tukajaribu wenyewe. Kwanza ikataka kumaliza masasisho yake ya zamani. Kakiduara kakazunguka asubuhi nzima, nami nikaketi mbele yake kama ninayemngoja mgonjwa, nikiwafukuza wateja. Mwishowe tukafika pale pa kujiandikisha, Nanjala akabonyeza, na mashine ikaandika jina lako na kuuliza neno lako la siri. Nilisimama. Ni jina la babu yako hilo, mimi ndiye niliyekupa, na ndilo limenifungia mlango.

Nanjala akasema, "Si tumpigie tu atutumie neno lenyewe?"

"Atume na nini?"

"Na meseji, Kukhu."

"Kwani mimi nilimlea kwa meseji?"

Akaanza kunichekea, ati mimi na hiyo mashine tumefanana, wote tunaomba mwaka wa nyongeza. Nimemwambia asinifananishe na bati. Magoti yananiuma lakini hakuna kampuni iliyoniacha. Aliyeondoka ni wewe.

Sasa nikitembea kwenda kibandani naenda polepole. Nikifika nafagia, nafungua dirisha, naondoa kitambaa juu ya kioo, na kile kiti sikalii. Sura ya mama yako imeanza kunichanganya. Juzi nilijaribu kukumbuka kama mwanya wake ulikuwa kwenye meno ya juu au ya chini, mimi niliyemzaa, nikashindwa. Hili sikumwambia Nanjala. Mama Sitati ameshalisoma, lakini yeye ana adabu.

Salamu kwa mke wako. Mwambie simlaumu, alikuta umeshakuwa hivyo. Mulembe, uwe na amani, mume wangu mdogo, na sasa unisikilize.

Njoo Jumamosi, wateja wakiwa makaburini na kibanda kitupu. Keti kwenye kiti cha mama yako. Andika neno lako la siri, mimi nitatazama ukutani. Weka hizo kinga, na usiniambie una haraka, kakiduara kakizunguka utakula ugali. Ikishakubali, fungua mlango wako, utoe ile picha ya sweta, uchapishe mbili, moja yako na moja yangu, halafu picha zote za humo ndani uzihamishe uziweke pengine kabla huo mwaka haujaisha. Plasta bado iko pale kwenye kona. Nanjala alitaka kuitoa nikamkataza. Ibandue wewe.

Kukhu wako