Pilipili Asiondolewe Nyumbani

Ghorofa ya pili, nyuma ya ghala la nafaka,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na Baba Mdogo, na kwamba mgongo wake umeacha kumsumbua. Macho yako yanaendeleaje? Dada aliniambia umepata miwani mpya. Nimejitahidi kuandika herufi kubwa ili usiyachoshe. Sisi huku hatuumwi, ila usingizi bado tunaudai. Kama mtu aliyevimba macho kama aliyeumwa na nyuki anaweza kuitwa mzima, basi sote wazima.

Mimi nimemaliza shule, nasubiri matokeo. Kwa sasa kazi yangu ni kuwalea mapacha wa dada, tangu anapotoka kwenda kiwandani kushona mpaka anaporudi. Ungewaona ungecheka. Wa kiume tunamwita Bwana Afya, kwa sababu akishushwa chini anakagua nyumba nzima kwa magoti, na uchafu wowote anaoukuta anautia mdomoni. Wa kike ndiye Pilipili. Mdogo, lakini akikasirika jengo zima linajua.

Najua hujazoea kupata barua yangu. Kwenye simu nasema "shikamoo" na "salama", kisha namrudishia dada simu yake. Wewe mwenyewe uliwahi kuuliza kama bado nina ulimi. Ninao, Mama Mdogo. Leo nina mengi ya kusema na nina hasira, na wewe umo ndani ya hasira hiyo, ndiyo maana naanza kwa kukuomba radhi.

Wameniambia umekubali kumchukua Pilipili. Wameniambia umeshanunua hata kitanda. Utakuja mwisho wa mwezi, uondoke naye, akae kwako mpaka atakapojua kulala usiku. Jambo hilo lilizungumzwa sebuleni mbele yangu huku nikigawa chai, kama watu wanaopanga kuhamisha kabati.

Sikatai kwamba nyumba imechoka. Dada alishona mkono wa shati mahali pa kola, na msimamizi wake akalinyanyua juu kila mtu alione, akauliza kama kuna mteja ambaye mkono wake umeota shingoni. Wenzake walicheka. Dada hakucheka, kwa sababu aliambiwa kosa jingine kama hilo na cherehani yake atapewa mtu mwingine. Shemeji naye, unajua ndiye mpima mizigo hapo ghalani, alisinzia akaegemea mzani, gunia la mteja likaongezewa uzito wa bega lake. Kelele alizopigiwa tulizisikia huku juu dirishani.

Basi lazima apatikane wa kulaumiwa. Kwanza nililaumiwa mimi. Fundi viatu wa chini alisema nawadekeza, niwaache walie mpaka wachoke. Mwenye duka akasema uji mzito, mzito hasa, kijiko kisimame. Mtu anayekuja kusoma mita za maji, ambaye hana hata paka, naye alikuwa na maoni. Kila mtu anayepanda ngazi zetu anaacha ushauri kisha anateremka kwenda kulala kwake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Mama Mdogo, na mimi nalala humo humo chumbani mwa watoto, kwenye godoro chini, katikati ya vitanda vyao viwili. Hakuna aliyeniuliza ninachoona.

Halafu akaja dada yake shemeji, ambaye nyumba nzima tunamwita Wifi. Alisema usingizi ni kama maji ya tangi, wakiyamaliza mchana usiku watachota nini? Akaagiza wasilale tena mchana. Mimi nikaonekana nawalaza ili nipumzike! Nilitii. Ikifika jioni walikuwa wanajifikicha macho, wanajipinda migongo, chupa wanaisukuma, hata ukiwaimbia wanaona umewatukana. Mtoto aliyechoka kupita kiasi halali, anapigana. Wifi alisimama mlangoni na mkoba wake begani akasema, "Unaona? Wamedeka." Nilitaka kumwambia neno. Nikakunja nepi.

Sasa nikueleze ninachokiona, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Shemeji ana sheria moja katika malezi. Yeye ni kitinda mimba wa nyumba kubwa, amekua akivaa viatu vilivyochakazwa na kaka zake, na aliapa kwamba kwake hakuna mtoto atakayeonewa. Mmoja akipewa chupa, na mwenzake apewe. Mmoja akibebwa, na mwenzake abebwe. Anasema mzani hauna mpendwa. Ni neno zuri, na mimi namheshimu shemeji kwa hilo. Lakini anaitumia sheria yake hata kwa mtoto aliyelala!

Anayeamka ni Bwana Afya. Kila mara ni yeye. Hata kuamka kwenyewe si kuamka, maana ananung'unika, anapigapiga godoro kwa kisigino, mara nyingi macho hata hajafumbua. Mchana, walipokuwa wanaruhusiwa kulala na wakubwa wako kazini, nilikuwa nakaa pembeni nasubiri. Haukupita muda, alikipata kidole gumba chake akalala tena. Na Pilipili? Pembeni yake kabisa, kama pono. Ungeweza kuburuta kabati.

Usiku mambo ni mengine. Bwana Afya akinung'unika tu, shemeji yuko mlangoni, taa inawashwa, mtoto ananyakuliwa. Kisha, ili mwenzake asionewe, Pilipili naye anang'olewa usingizini kama karoti. Wewe ukifanyiwa hivyo utanyamaza? Analia kwa nguvu zake zote, na kilio chake ndicho kinachomwamsha kaka yake kweli kweli. Dada anakuja, chupa zinatafutwa, na hapo ndiyo basi. Asubuhi kila mtu anasema Pilipili ameamsha nyumba. Anayelala ndiye mkorofi. Anayetakiwa kuondoka ni yule asiye na kosa!

Nilijaribu kumweleza dada wakati anakula. Nilipoinua macho alikuwa amelala na kijiko mkononi.

Kwa hiyo Jumamosi, siku nane zilizopita, walipokaa kupanga safari ya Pilipili, nilisimama na sinia la vikombe, nikasikia sauti yangu ikisema kwamba anayeamka si Pilipili. Wifi alipiga makofi.

"Haya! Bubu kasema!"

"Si yeye," nikasema tena.

"Na wewe umezaa lini, mwanangu, hata utufundishe?"

Shemeji akacheka, si kwa ubaya, lakini akacheka. Nilimtazama dada anitetee. Aliangalia sakafu, akasema, "Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka tu." Mama Mdogo, hilo liliniuma kuliko makofi ya Wifi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia shemeji, "Ghalani kwenu, mteja akitilia shaka uzito, mnafanyaje?"

Akanijibu haraka, kama mtu anayeulizwa jina lake, kwamba gunia linarudishwa kwenye mzani, linapimwa upya mbele ya mwenyewe. Ni haki ya kila mteja.

"Basi mimi natilia shaka. Mpimeni Pilipili upya."

Wifi alitaka kusema kitu, shemeji akainua mkono. Kisha akaniuliza nataka nini. Nikamwambia wawe wanalala mchana kama zamani, na usiku mmoja akinung'unika asibebwe mtu mpaka tusubiri kwanza. Akilia kweli, kilio cha njaa au cha maumivu, abebwe yule anayelia. Yeye tu. Aliyelala aachwe na haki yake ya kulala. Shemeji akakubali, mpaka utakapokuja wewe.

Usidhani ilikuwa rahisi. Shemeji alipata shida kuliko watoto. Bwana Afya alipoanza manung'uniko yake, alitoka mbio kama kawaida, akanikuta mlangoni nimetanua mikono kama golikipa. "Anaonewa, shemeji," akaninong'oneza, mtu mzima na ndevu zake. "Msikilize, anaonewa." Nikamwambia asubiri. Akasubiri huku ameshika fremu ya mlango. Kule ndani kisigino kikapiga godoro, kikapiga, kikanyamaza. Pilipili hata hakugeuka upande. Shemeji alibaki amesimama pale kama mtu aliyeibiwa.

Sitakudanganya kwamba sasa tunalala mpaka asubuhi kila siku. Bwana Afya anaota jino, na jino halijui makubaliano. Kuna usiku alilia kweli, nikambeba, nikambembeleza peke yake gizani bila kuwasha taa, akatulia. Lakini Pilipili amelala, Mama Mdogo. Amelala tangu anapowekwa mpaka kunapokucha, na akiamka anacheka na dari. Dada amerudi kuwa mtu anayemaliza sentensi. Juzi aliimba akiwa anachana nywele, nikaogopa hata kukohoa asije akaacha.

Sasa ungedhani mambo yamekwisha. Jana Wifi amekuja na begi jipya la mtoto, lenye zipu, akauliza nguo za Pilipili nimeshazifunga? Dada akasema pengine hakuna haja tena. Wifi akasema mkubwa ameshakubali, kitanda kimeshanunuliwa, tutamwambiaje? Ni aibu. Na dada, unavyomjua, akalipokea begi. Shemeji naye anasema hawezi kumvunjia heshima mkwe. Yaani sasa mtoto anaondoka si kwa sababu hapati usingizi, bali kwa sababu watu wazima wanaoneana haya! Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Mimi kwa mapacha hawa ni mama mdogo, kama wewe ulivyo kwangu. Nikikaa kimya nitakuwa mama mdogo wa namna gani?

Na kuna jambo lingine, sijawahi kukuambia kwamba nalikumbuka. Mama alipotutoka, ndugu walikaa wakagawa vitu, kisha wakaanza kutugawa sisi, dada aende huku, mimi niende kule, kwa sababu wawili ni mzigo. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikusikia ukiwaambia, "Hawa si mashuka. Aje anayetaka kuwasaidia, awasaidie wakiwa pamoja." Kisha ukahamia kwetu na sanduku lako, ukalala kati yetu mpaka tulipoacha kulia. Dada alikuwa mkubwa, lakini hata yeye alilia. Leo huyo dada yangu, kwa uchovu tu, yuko tayari kumtenga mwanawe na pacha wake, na mtu atakayewatenganisha ni wewe! Sikuamini. Bado siamini. Nadhani walikueleza kwamba mtoto ni mgumu na mama yake anakufa kwa uchovu, na wewe kwa huruma yako ukasema ndiyo kabla hujauliza.

Basi uliza. Kisha umwandikie dada, si mimi. Nikisema hapana mimi, ni utoto. Ukisema wewe, ni neno la mkubwa, na kila mtu hapa atapumua, hata shemeji. Na uje mwisho wa mwezi kama ulivyopanga, tafadhali uje. Nitakutandikia godoro langu, ulisikie jino la Bwana Afya kwa masikio yako. Lakini siku ya kuondoka, uondoke peke yako.

Msalimie sana Baba Mdogo, na binamu yangu fundi umeme, na mkewe, na yule jirani yako muuza maua aliyenipa mwavuli. Dada anakusalimu bila kujua kwamba naandika. Mapacha wangekusalimu, lakini wamelala wote wawili, na sitaki kumwamsha yeyote kwa ajili ya salamu.

Mungu akulinde, ayape macho yako nuru, na aulainishe moyo wako kabla hujafika ukurasa huu.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na bado nimekasirika,

Binti mdogo wa marehemu dada yako.