Muhogo Uliopigwa Picha na Ndege

Mpendwa Mama Zaina,

Leo nimeweka kiti changu karibu na jiwe kubwa la Mingazini, mahali unapopajua kuliko mimi. Ninakuandikia nikiwa na furaha.

Unakumbuka wakati ule, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, nami nikiwa mchoraji wa ramani Kasongo. Ndege ilikuwa imepita juu ya Kabambare ikipiga picha. Ofisini tulizitazama picha hizo mbilimbili kwa miwani ya mezani, na vilima viliinuka kama vitu vya kushikwa kwa mkono. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya vijiji.

Picha za upande wa Wamaza zilipofika, mkubwa wangu aliona vilele vya miti tu. "Hapa hakuna watu," alisema. "Andika msitu."

Nilijua uzito wa neno hilo. Ardhi iliyoandikwa msitu mtupu ilihesabiwa kuwa ya serikali, na watu wa kampuni ya pamba walikuwa wanaingoja. Yeyote ambaye angekutwa humo angeambiwa ahame. Lakini karibu na kijito palikuwa na doa jeupe lenye pembe nne. Mkubwa wangu aliliona pia, akakuna kidevu, akaniambia nichukue baiskeli nikatazame ni nini.

Nilifika kwenu nikiwa na matope hadi magotini. Nilipouliza kama mliiona ndege, kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Mlikuwa mmeambiwa kwamba mtapigwa picha, nanyi mkajitayarisha kama watu wa heshima. Mlifagia, mkaanua muhogo uliokuwa ukikauka juu ya jiwe, mkavaa nguo za sikukuu, mkasimama kwa mistari chini ya michikichi yenu, wazee mbele.

Babu yako aliishika picha kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku.

"Mimi niko wapi? Nilivaa kanzu mupya, bwana!"

"Uko hapa, Babu, chini ya mti huu."

"Mbona iko muti tu?"

Nikawaonyesha lile doa jeupe, pale penye jiwe. Mama yako akakugeukia. "Wee! Si nilikuambia utoe muhogo yako? Umetupatisha haya mbele ya ndege!"

"Ilikuwa haiyakauka, mama," ulijibu, mchi ukiwa mkononi. "Ile ndege iko inakula bugali?" Kisha ukawatazama wazee. "Nyie wote mulivaa. Muhogo yangu ndiyo inaonekana kwenye picha!"

Nilicheka, mimi nisiyecheka kazini. Nilipojikaza nikasema, "Dada, tafadhali nitajie jina la kijiji hiki," ukawaambia wenzako, "Musikie huyu! Anaongea sawa kitabu ya padri!"

Lakini ulilitaja. Nililiandika kwa wino mweusi kando ya doa lako, kisha tukazunguka pamoja, wewe ukinionyesha, mimi nikichora: nyumba zilizofichwa na miti, mashamba ya mpunga, makaburi ya wazee wenu. Ramani ilipotoka, Mingazini ilikuwemo, na pamba ilipelekwa mahali pengine. Habari hiyo niliileta mwenyewe, ingawa hakuna aliyenituma. Mama yako alitambua kabla yangu kilichonirudisha.

Maisha yetu yote ulinitania kwamba nilioa doa. Sikukanusha. Sasa michikichi ile imezeeka, nyumba zina mabati, na ninakukosa zaidi saa ya mchana, jua linapopiga juu ya jiwe. Hata hivyo huzuni haikai. Ninakuona na mchi wako, nami nacheka peke yangu.

Juzi ndege ndogo ilipita chinichini. Mjukuu wetu alikimbia kutoka jikoni, akatazama juu, akatazama muhogo aliouanika.

"Babu, inatupiga picha?"

"Huenda," nilimjibu. "Usiuguse huo muhogo."

Pumzika, mke wangu. Huku jiwe bado ni jeupe.

Mumeo,
Baba Zaina