Mahali Pangu pa Utulivu Pana Mtu

Alhamisi. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya ziwa na hayataki kusogea. Joto limebana, na hapa sokoni Kibuye kila mtu amekasirika bila sababu. Hata mimi, ila sababu mimi ninayo.

Leo nimeshona mkono wa kulia wa shati la shule upande wa kushoto. Mwenye shati, mama mmoja mpole, aliligeuzageuza, kisha akaniuliza kama ninalala vizuri siku hizi. Nikamwambia nalala. Uongo mtupu.

Wacha niandike ukweli hapa, kwa sababu hapa hakuna anayenijua.

Miezi michache iliyopita nilianza kuumwa tumbo. Moyo unanidunda nikiwa nimeketi tu kwenye cherehani. Mabega yamepanda hadi masikioni. Naamka taya zinauma kwa kusaga meno. Sasa Kisumu ukilalamika hivyo, kila mtu anakuwa daktari: hiyo ni alsa, vidonda vya tumbo. Nikanywa maziwa, nikanywa maji ya kabichi, nikaacha maharagwe na pilipili. Wapi! Zahanati wakanipima, alsa hakuna. Nesi akaniangalia kidogo, akaniuliza nyumbani kuna nini. Nikalia pale pale mbele ya foleni, mimi ambaye soko zima wananiogopa kwa mdomo.

Nyumbani kuna hivi: Okoth alizama ziwani.

Okoth ni mdogo wangu, ndugu yangu wa pekee. Alikuwa fundi wa injini za boti huko kwetu upande wa Bondo. Alivuka kwenda kisiwani kutengeneza injini ya mtu, na wakati wa kurudi upepo ukapindua boti. Wenzake walipatikana. Yeye hajapatikana mpaka leo. Wavuvi walimtafuta kwenye magugu maji, wakamtafuta ufuo baada ya ufuo, mpaka ikafika mahali wakituona sisi wa nyumbani wanaangalia chini.

Basi yule nesi alinipeleka kwa mshauri, mwanamke mtu mzima anayeitwa Mama Awuor. Alinieleza hii stresi ni nini, pole pole, kama unavyomweleza mtoto. Mwili ukiona hatari unajitayarisha kukimbia au kupigana. Moyo unaenda mbio, tumbo linajifunga, misuli inakaza. Hatari ikipita, mwili unapata habari na unatulia wenyewe. Shida yangu, akasema, ni kwamba mwili wangu haujaletewa habari yoyote. Bado umesimama mlangoni unangoja.

Hayo maneno yalinikaa.

Akanifundisha. Keti, nyayo chini. Vuta pumzi taratibu, halafu itoe taratibu zaidi. Legeza vidole vya miguu, halafu mapaja, tumbo, mabega, taya. Kisha hesabu kurudi nyuma kama mtu anayeshuka ngazi, mpaka ufike mahali unapopapenda, mahali pa utulivu. Ukiwa hapo jiambie sentensi yako. Yangu ilikuwa, niko salama, naweza kupumzika. Ukimaliza unahesabu kupanda na kufungua macho. Anaiita kujihipnotisha. Jina lilinitia baridi, maana kanisani kwetu ukitamka neno kama hilo watakuwekea mikono kichwani wiki nzima. Akacheka. Akasema hakuna anayenitawala, ni mimi naongea na mimi, na macho naweza kufungua saa yoyote.

Alinionya jambo moja tu. Nichague mahali pasipo na mtu.

Nikachagua simba ya Okoth. Kwetu kijana akikua anajenga nyumba yake ndogo ndani ya boma la wazazi, hiyo ndiyo simba. Ya Okoth ilikuwa imefungwa tangu siku ile, na mimi nikajiambia, si haina mtu? Masharti nimeyafuata.

Mara za kwanza ilikuwa dawa kabisa. Nilishuka, nikaona kile chumba, ule mwanga wa mlangoni, nikasikia harufu ya petroli kwenye nguo zake. Mabega yakashuka yenyewe. Nililala kama mtoto aliyenyonya.

Halafu siku moja nikashuka, nikamkuta.

Alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, amenipa mgongo, anafungua injini. Sikuogopa. Kusema kweli nilifurahi mpaka nikaona aibu. Tangu siku hiyo kila mchana navuta pazia la kibanda, najifanya napumzika, naenda kwake. Sentensi yangu niliiacha zamani. Kuhesabu kupanda niliacha pia. Nakaa kule mpaka mteja aite fundi, fundi, ndipo nafungua macho moyo ukienda mbio.

Lakini hageuki. Namwita hageuki. Nikitaka kuzunguka nimwone uso, ukuta unasogea nami. Na sasa hivi karibuni shati lake limeanza kulowa. Mwanzo ilikuwa kola tu, siku hizi ni mgongo mzima. Maji yanadondoka kwenye sakafu ya udongo na ule udongo hauyanywi. Natoka huko natetemeka kuliko nilivyoingia, na kesho yake naenda tena. Yawa, ni mtu gani anajifanyia hivyo?

Sasa kuna mama yetu.

Kwetu boma lenye mfu ambaye hajazikwa hawalimi. Majirani wote wameshapalilia mahindi yao, shamba la mama ni nyasi. Wazee wanajua la kufanya. Mtu akipotea majini na mwili usionekane, linachukuliwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kwa kikonyo kama kamba. Linalazwa kama mtu, linaombolezewa kama mtu, linazikwa kwa jina lake. Halafu watu wanarudi kuishi. Mama anataka niende kulichukua mimi, kwa kuwa ni lazima libebwe na mtu wa damu yake.

Nilikataa. Nilimwambia mimi nimeokoka, siziki matunda. Mama hakubishana. Alisema sawa tu, akaniuliza kama watoto wamekula. Afadhali angenitukana.

Wokovu hauhusiki. Nilikataa kwa sababu nikimzika, atatoka kwenye simba. Na mimi nitaenda wapi mchana?

Jana ndipo nilimwambia Mama Awuor kila kitu, mpaka habari ya shati. Sikuwa nimepanga, ilinitoka. Nikafikiri ananiona kichaa. Kisha akauliza, "Mkiwa kule wawili, nani anapumzika?"

Nilikasirika. Nikachukua mkoba nikaondoka hata kwaheri sikusema, nikatembea kwa hasira mpaka viatu vikaniuma. Njia nzima nilikuwa namjibu kichwani, na kila jibu lilikuwa halifiki. Mimi sipumziki. Mama hapumziki. Na Okoth nimemkalisha pale na nguo mbichi, anafungua injini ambayo haitaisha kamwe, kwa sababu mimi napenda kumwangalia mgongo.

Leo mchana nilivuta pazia, nikaketi, nikafanya kila kitu kama nilivyofundishwa, hata vidole vya miguu sikuviruka. Nikashuka. Alikuwepo. Maji sasa yamejaa chumba, yamefika kwenye miguu ya kreti. Sikuingia. Nilisimama mlangoni nikamwambia Okoth, mama hajalima.

Mikono yake ikasimama. Haijawahi kusimama.

Nikamwambia, "Nakuja kukuchukua."

Aliweka spana chini. Akaanza kujifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, jinsi alivyokuwa akifanya ukimwita kula. Hakugeuka, na sikumwomba ageuke. Nikahesabu kupanda, pole pole, mpaka mwisho, nikafungua macho mwenyewe bila kuitwa na mteja.

Najua ni akili yangu. Mama Awuor ataniambia ni akili yangu, na mimi nitakubali. Lakini nywele zilinisimama na sitaki kudanganya hapa. Nilikaa pale kibandani nikilia kwa sauti, na safari hii sikujali nani anasikia. Nilipomaliza, taya zilikuwa zimelegea. Sikuwa najua zinaweza kulegea hivyo.

Nikampigia mama. Nikamwambia kesho asubuhi nakuja, awaambie wazee. Nyuma yake nilisikia kuku wake. Nilingoja anilaumu kwa miezi yote hii. Wala.

"Haya, nyathina," akasema. Ananiita hivyo, mtoto wangu, hata na hizi mvi zangu. "Mti uko pale pale kando ya mto. Mchukue kwa mikono miwili. Na uongee naye njiani, asidhani amebebwa na mgeni. Akikulemea, kaeni chini mpumzike."

Amesema mpumzike. Mimi na yeye.

Nimeshafunga kibanda na wateja nimewaambia wangoje wiki ijayo. Nguo nyeusi nimezipiga pasi. Mvua bado imekataa. Kutoka mtoni hadi bomani ni mwendo mrefu wa miguu, katikati ya mahindi ya watu, na watu watatupisha.

Nitaongea naye nini njia yote hiyo?