Valvu Nane Nilizozipanga Upya

Mshauri wa gazeti,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, niliishia darasa la tatu lakini herufi zangu zinasomeka, nataka msaada na sitaki kufokewa, maana nikitaka kufokewa ninaye dada yangu nyumba ya pili.

Marehemu mume wangu aliacha gari la bluu, kuukuu, limezaliwa kabla ya kitinda mimba wangu, likakaa uani chini ya turubai miaka tisa kuku wakitagia ndani. Mjukuu wangu wa kike, niliyemlea mimi tangu hajaota jino, akaenda kujifunza ufundi kwenye gereji iliyokuwa ya babu yake, ambayo sasa iko chini ya Fundi Kimya, mwanafunzi wa mume wangu, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku ujue ana homa. Binti akaomba alifufue gari la babu, nikasema haya, akaishusha injini akaifungua yote pale uani, miezi minne, kila chuma kikalala juu ya meza yangu ya kukunjia nguo, na mimi sikusema kitu, uliza mtu yeyote, nilisema kidogo tu.

Sasa sikiliza. Ijumaa moja alikwenda kutafuta gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba kati ya chuma na chuma, nami siwezi kuona uchafu nikatulia, nikakuta kipande cha boksi kimelowa mafuta, kimetobolewa matundu manane, kila tundu limechomekwa valvu, zile zilizo kama uyoga wa chuma, pembeni namba zimeandikwa kama kuku kapita. Nikazichomoa zote nikaziosha kwa mafuta ya taa zikang'aa, boksi nikalitupa, nikakata jingine safi, nikatoboa, nikaandika namba zangu nzuri, nikazichomeka kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, kama mtu anavyopanga vijiko. Aliporudi akasimama akatazama, akaniuliza, "Bibi, kila moja umeirudisha kwenye namba yake?"

Nami nikamjibu, "Unadhani mimi kipofu?"

Akasema ahsante Bibi, akazifunga.

Siku ya kuliwasha walikuja majirani, akaja Fundi Kimya, akaja na yule mwuza matairi mwenye mdomo. Injini ikawaka, ila inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, inapiga chafya kwenye kabureta, ukiondoa mguu kwenye mafuta inazimika. Mwuza matairi akasema mgonjwa kafufuka ila hajapona. Watu wakacheka, aibu ikanipanda mpaka kwenye masikio, nikamwambia mtoto mbele ya wote kwamba mikono yake haina akili, na babu yake angeona haya.

Wiki mbili amehangaika. Plagi mpya, kabureta kaifungua mara tatu, nyaya za moto kazikagua mpaka zimechoka kukaguliwa, wapi. Ndipo Fundi Kimya akaleta kipimo chake, akakuta silinda tatu kati ya nne zinavuja upepo, akasema valvu hazikukaa. Nikamwuliza kama natania, kwani valvu si valvu? Akanieleza kwamba kila valvu husagwa pamoja na kiti chake, lile tundu inaloliziba, mpaka wazoeane, ukiihamishia kwenye kiti cha mwenzake inapitisha upepo. Mshauri, nikalikumbuka boksi langu safi.

Sasa mtoto anaamini ni yeye aliyesaga vibaya. Jumapili alizipaka mafuta spana zote, akazifunga kwenye kitambaa, akaniambia, "Mwisho wa mwezi naanza kazi duka la mapazia, Bibi. Ufundi si wangu." Nami nikanyamaza, mimi niliyewahi kumfokea mkwe wangu siku ya harusi yake. Nimelea watoto sita na wajukuu sijui wangapi, sijawahi kumwomba mtoto radhi, na nikianza leo nitaheshimiwa na nani? Je, siwezi kumwambia tu arudie kusaga, bila kutaja habari za boksi?

Ni mimi,
Bibi wa Gari la Bluu

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Bibi. Umekataza kufokewa, basi nitakufokea nimepiga magoti.

Huwezi. Ukimwambia arudie kusaga bila kutaja boksi, atasaga, gari litapona, na yeye atabaki na imani kwamba mara ya kwanza aliharibu. Kila injini atakayoifunga maishani ataifunga anaogopa.

Barua yako nimemsomea fundi mmoja wa magari ya zamani. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniambia mambo mawili. Kwanza, hakuna kilichokufa. Silinda hedi, kile kichwa cha injini kilichobeba valvu, ifunguliwe, valvu zisagwe upya, kila moja na kiti kile itakachokalia, zijaribiwe kwa kumimina petroli kwenye njia zake kuona kama inachuruzika, gasketi mpya, basi. Kazi ya siku mbili. Pili, alisema injini iliyovurugwa namna hiyo isingewaka kabisa kama mahali pengine pote hapakufungwa sawasawa. Kwa hiyo kutetemeka kulikuwa kwako, Bibi. Kuwaka kulikuwa kwake.

Na hili la tatu ni langu, hutalipenda. Mtu aliyekuuliza swali lile siku ile hajasahau jibu lake. Kakagua kila kitu mara tatu, lakini kuhusu boksi lako hajafungua kinywa. Mimi nadhani ameona heri aache ufundi kuliko kumwita bibi yake mwongo. Umemlea vizuri mno, sasa mwokoe na malezi yako. Unaogopa atapunguza heshima? Aliyekusitiri ukiwa na kosa hatakudharau ukiwa na ukweli.

Usingoje mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi nenda gereji kwa miguu yako. Ulimwaibisha mbele za watu, basi sema mbele za watu haohao, na mwuza matairi awepo, maana mdomo ule utakufikishia habari mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Sema hivi, usiongeze: nilizichanganya mimi, uliniuliza nikakudanganya, nisamehe. Usije ukaanza na "lakini lile boksi lilikuwa chafu." Najua litakuja mpaka kwenye ulimi. Limeze.

Akilia, mwache alie. Akinuna siku mbili, ana haki ya nne. Akishaanza kufungua zile nati za silinda hedi, mwulize kwa adabu umshikie nini. Na akikwambia, "Bibi, kaa pale kwenye kiti, usiguse kitu," basi, mama yangu, kaa.